Mlinda Amani Asiye na Utenzi

Fasihi ya Kiswahili haina uhaba wa vita. Hemedi bin Abdallah alitunga juu ya mapambano ya watu wa Mrima na Wadachi. Henry Muhanika alichapisha utenzi wake wa Vita vya Kagera mwaka 1981. Katika fani hiyo askari hushinda au hufa, na mtunzi humfungia kazi kwa dua. Yule anayerudi mzima wa viungo lakini hapati usingizi hana ubeti wake.

Pengo hilo limedhihirika zaidi tangu Machi 2013, Baraza la Usalama lilipopitisha Azimio 2098 na kuunda brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndani ya MONUSCO. Brigedi hiyo iliruhusiwa kuyashambulia makundi yenye silaha, lakini askari wake waliendelea kuitwa walinda amani. Jina lenyewe linaficha nusu ya kazi.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, eneo la Beni, ilishambuliwa kwa saa kadhaa. Watanzania 15 walikufa na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Maombolezo yaliyofuata yaliazima msamiati wa tenzi: mashujaa, damu, heshima. Msamiati huo unawatosha marehemu. Kwa waliosalia unaweza kuwa mzigo, maana shujaa hatarajiwi kukiri kwamba anashtuka mlango ukibamizwa.

Mto Semliki hutoka Ziwa Edward, na kwenye ufuko wa kusini wa ziwa hilo, ndani ya Hifadhi ya Virunga, kipo kijiji cha wavuvi cha Vitshumbi. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliingia humo. Wavuvi wa makabila mbalimbali huelewana huko kwa Kiswahili, na hapa ndipo suala la kisaikolojia linapokuwa suala la lugha pia. Askari kutoka India au Uruguay husikia lawama za wanakijiji kupitia mkalimani, zikiwa zimepunguzwa makali. Mtanzania huzisikia zenyewe. Mama akiuliza “Mlikuwa wapi?”, hakuna wa kusimama katikati.

Shahidi mashuhuri wa jeraha hili ni Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyeongoza jeshi la Umoja wa Mataifa nchini Rwanda mwaka 1994 na kunyimwa uwezo wa kuyazuia mauaji. Alistaafishwa kwa sababu za afya mwaka 2000. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 2003, na kile kinachohusu maradhi yake hasa, 2016. Kinachomtesa zaidi ni yale ambayo hakuweza kuyatenda. Utenzi, ambao huenda kwa matendo, utalibebaje jambo lisilotendwa?

Riwaya ingeweza. Kezilahabi, katika Kichwamaji (1974), alikwisha kuingia ndani ya akili inayovunjika, na wahakiki waliomshutumu kwa kukata tamaa hawakuona kwamba alikuwa akitengeneza chombo. Kikwazo kingine ni istilahi. “Wazimu” humtenga mgonjwa na watu. “Kiwewe” ni fadhaa ya ghafla, nayo hupita. Haisemi lolote juu ya mtu anayeamka usiku wa manane mjini Morogoro, miaka saba baadaye, akitafuta bunduki aliyokwisha kuirudisha ghalani.