Kuona, Kuonana na Kuonewa: Lugha ya Ibada ya Pamoja katika Ndabibi

Makala haya yanachunguza lugha itumikayo katika ibada ya pamoja ya Kikristo ambayo mada yake ni kugeuka kwa roho na kuona upya. Mahali pa mfano ni Ndabibi, uwanda ulioko magharibi ya Ziwa Naivasha, chini ya milima ya Eburru, katika Kaunti ya Nakuru. Uteuzi huo una sababu. Ndabibi ilikuwa nchi ya malisho ya Wamaasai kabla ya kufanywa shamba la mifugo la walowezi wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru ikakaliwa na wakulima wadogo, wengi wao Wakikuyu, na mashamba ya maua ya Naivasha yakavuta wafanyakazi kutoka pande nyingi za Kenya. Mhubiri atakaye kusikika na wote mahali kama hapo hana budi kutumia Kiswahili, hata kama kwake na kwa wasikilizaji wake ni lugha ya pili. Kiswahili basi ndicho kiifanyacho ibada iwe ya pamoja. Swali la uhakiki ni kama Kiswahili chenyewe kinamkaribisha kila aliyeketi kanisani.

Kwa upande mmoja jibu ni jepesi. Mabishano yaliyochukua miaka mingi katika makanisa ya Uingereza na Marekani, kuhusu viwakilishi vya kiume katika sala na nyimbo, hayana nafasi kubwa hapa. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakijui mume wala mke, na neno "ndugu" humwingiza mwanamke bila kumwomba radhi mtu yeyote. Mhubiri anayesema "ndugu na dada", kwa kufuata Kiingereza, anapunguza upana wa neno akidhani anaupanua.

Ugumu waanza katika neno "upya". Katika mlango wa tatu wa Injili ya Yohana, Yesu anamwambia Nikodemo kwamba kuuona ufalme wa Mungu kwataka kuzaliwa kwa namna fulani. Neno la Kiyunani lililotumika pale lina maana mbili: tena, na kutoka juu. Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotolewa kamili mwaka 1952, walichagua "mara ya pili". Wale wa Habari Njema, katika miaka ya 1990, wakachagua "upya". Tofauti si ndogo. "Mara ya pili" huhesabu matukio, na kuhesabu ndiko hasa alikokosea Nikodemo, aliyeuliza jinsi mzee awezavyo kurudi tumboni mwa mamaye. Kwa hiyo Biblia ya Muungano yamwelekeza msikilizaji katika kosa la Nikodemo kabla Nikodemo hajafungua kinywa. "Upya" hueleza hali ya jambo, wala halidai kwamba jambo hilo liliwahi kuwapo. Mtu aliyezaliwa bila kuona, yule wa mlango wa tisa wa Injili hiyohiyo, hawezi kuona tena. Aweza tu kuona upya, na hata hapo neno lamtosha kwa shida.

Mtu huyo ndiye kiini cha hoja hii. Katika ibada ya kuona upya, kutoona hufanywa istiari ya dhambi, na istiari hiyo yasemwa mbele ya watu ambao baadhi yao hawaoni kwa macho. Imekuwa desturi siku hizi kuliepa neno "kipofu" kwa kuwa ngeli yake ni ya vitu, pamoja na "kiziwi", "kiwete" na "kilema". Hoja hiyo peke yake haisimami: "kiongozi" na "kijana" wamo katika ngeli hiyohiyo wala hawalalamiki, na wote huchukua upatanisho wa viumbe. Hata hivyo, wasemaji wenyewe wamemhamisha "kilema" akawa "mlemavu", na jambo hilo halikutokea bure. Kosa kubwa zaidi lipo katika neno lililoletwa liwe badala ya "kipofu", yaani "asiyeona". Kipofu ni jina la mtu. Asiyeona ni hukumu ambayo mhubiri aweza kumtwika kila asiyeamini. Kwa kulisafisha neno, ibada imezidi kuwachanganya wawili hao. Yafaa ikumbukwe kwamba katika mlango huo Yesu anakataa waziwazi kwamba hali ya mtu yule ilitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Mahubiri yaunganishayo upofu na dhambi yanarudia dhana ya wanafunzi, si jibu la mwalimu.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikumlazimu mhubiri aingie katika mtego huo. Kitenzi "ona" hakikufungwa machoni. Mswahili huona njaa, huona baridi, huona haya na huona uchungu, na katika hayo yote kipofu huona sawa na mwenzake. Aagapo husema "tutaonana", wala hakuna acheaye. Lugha yenyewe imekwisha kuipanua maana ya kuona kuliko ufasiri wowote, lakini mahubiri mengi yaliyojengwa juu ya Kiingereza hurudi kwenye jicho na mwanga, kana kwamba mlango mwingine haupo.

Zaidi ya hayo, mnyambuliko wa kitenzi hiki wagusa historia ya mahali. Mwezi wa Oktoba 1993 watu walifukuzwa Enoosupukia kwa mapigano wakakimbilia Maiella, si mbali na Ndabibi. Mwishoni mwa 1994 kambi yao ikavunjwa. Januari 2008 mji wa Naivasha ukashuhudia mauaji ya majirani. Kwa watu wenye kumbukumbu kama hizo, "kuonewa" ni neno la kila siku, nalo latoka katika shina lilelile la "kuona". Vivyo hivyo "geuka", kitenzi cha toba, ndicho kisemwacho mtu anapomlalamikia rafiki aliyemsaliti: amenigeuka. Mhubiri atamkaye "geukeni" katika Ndabibi hawezi kuuzuia mwangwi huo. Aweza tu kuutumia au kuupuuza, na kuupuuza ndiko rahisi.

Yohana 9 ingemsaidia. Baada ya kuponywa, majirani wanabishana kama mtu yule ndiye aliyekuwa akiketi na kuomba; miaka yote walimwona wala hawakumjua. Waliotakiwa kuona upya ni wao. Hapo kitenzi cha kutendana, "onana", kingebeba mada yote ya ibada bila kumuumiza kipofu hata mmoja.

Limebaki suala la njeo. Tangu Uamsho ulioenea kutoka Rwanda katika miaka ya 1930 ulipofika Kenya, ushuhuda umesimama juu ya kiambishi "-me-": nimeokoka. Umbo hili hulifunga tendo, na nguvu yake katika kinywa cha mshuhudiaji haikanushiki. Lakini Marko, katika mlango wa nane, anasimulia uponyaji wa Bethsaida uliofanywa kwa hatua mbili, ambapo mtu kwanza aliwaona wenzake mfano wa miti. Kwa hali hiyo ya katikati, ya mtu aliyekwisha kuguswa na bado anawaona majirani kama miti, lugha ya ushuhuda haijatenga njeo.