Seli, Chembe na Kiini: Msamiati wa Biolojia ya Shule Uonekanavyo Likasi

1. Utangulizi

Istilahi ya sayansi hupimwa mara mbili. Kwanza hupimwa na wanaoiunda, ambao hutazama usahihi wake kwa mujibu wa taaluma. Halafu hupimwa na mwanafunzi, ambaye huipokea akiwa tayari na lugha yake, pamoja na maana zote ambazo maneno yamekwisha kubeba nyumbani, sokoni na kanisani. Wahakiki wa istilahi za Kiswahili aghalabu hushughulikia kipimo cha kwanza. Makala haya yanashika kipimo cha pili. Yanachunguza maneno machache ya msingi ya biolojia ya shule, yaani yale yahusuyo viumbe hai na seli, kwa kuyaweka mbele ya mzungumzaji wa Kiswahili wa Likasi.

Msamiati unaohakikiwa ulikuzwa hasa Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967. Sehemu yake kubwa ilikusanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Likasi, mji wa shaba na kobalti ulioitwa Jadotville hadi 1966, uko kiasi cha kilomita 120 kutoka Lubumbashi. Kiswahili chake kilikua migodini na viwandani. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia katika shule za msingi. Hata hivyo sayansi ya madarasa ya juu huandikwa ubaoni kwa Kifaransa, na mwalimu huieleza kwa mdomo kwa Kiswahili. Kwa hiyo suala la istilahi si la wanakamusi peke yao. Mtoto asiyeelewa neno katika lugha ayijuayo atalikariri tu katika lugha asiyoijua vema.

2. "Kiumbe hai" na "mnyama"

Istilahi "kiumbe hai" ni miongoni mwa zilizofaulu. Yamkini mtu atalalamika kwamba "kiumbe" hutokana na kitenzi "kuumba" na kwamba kwa hiyo neno hilo limebeba imani. Lalamiko hilo halina uzito mkubwa, kwani uzito wa kisayansi wa istilahi umebebwa na neno la pili, "hai". Likasi neno linalozoeleka zaidi kwa maana hiyo ni "uzima". Lakini lau istilahi ingejengwa kwa mzizi wa "-zima", ingeleta utata: "kizima" ni kilicho hai, ni kilicho na afya, na pia ni kilicho kamili. Hapa Kiswahili sanifu kimechagua vizuri, na Katanga haina sababu ya kukataa.

Neno "mnyama" ni tofauti. Katika biolojia mnyama ni pamoja na samaki, ndege, nzige, konokono na binadamu. Katika Kiswahili cha kila siku, pwani na bara, samaki si mnyama, ndege si mnyama, na kumwita mtu mnyama ni kumtukana. Likasi tatizo huongezeka, maana katika usemi wa mji neno "nyama" aghalabu hutosha kwa mnyama wa porini na kwa kitoweo pia. Mwalimu asemaye kwamba viumbe hai vyote vionekanavyo kwa macho darasani ni wanyama, isipokuwa maua yaliyo dirishani, amesema kweli kwa biolojia na amesema upuuzi kwa Kiswahili. Kosa la vitabu ni kulipokea neno la kawaida na kulipanua bila kumwonya msomaji kwamba limepanuliwa.

3. "Seli", "chembe" na "kanyumba"

Kwa kipande kidogo kabisa cha mwili chenye uhai, Kiswahili kina njia mbili. Ya kwanza ni kukopa: "seli". Ya pili ni kutumia neno la asili: "chembe", au "chembe hai", kama katika "chembe nyekundu za damu".

"Chembe" ina sauti tamu na inaeleweka papo hapo, na hiyo ndiyo hatari yake. Chembe ni punje: chembe ya mchanga, chembe ya chumvi, chembe ya vumbi. Katika fizikia na kemia neno hilohilo huitwa kutaja vipande vya maada isiyo na uhai. Katika mji ambao mwanafunzi wake huona udongo wa madini kila siku, "chembe" humpa picha ya punje ngumu isiyo na kitu ndani. Lakini jambo la kwanza la kufahamu juu ya seli ni kwamba ina ndani: ina utando, ina uteute, na katika mimea, wanyama na kuvu huwa na kiini.

"Seli" nayo haina maana yoyote ya kienyeji ya kuipotosha, ila Likasi ina udhaifu wake. Neno hilo liliingia kwa mlango wa Kiingereza, ilhali mwanafunzi wa Katanga atalikuta shuleni katika umbo la Kifaransa, "cellule". Aidha, kwa sikio lililozoea Kifaransa, "seli" inakaribia "sel", yaani chumvi. Udhaifu huo ni wa sauti tu, na sauti huzoeleka.

Kuna njia ya tatu ambayo wanaistilahi hawakuifikiria, nayo imo katika sarufi ya Katanga. Kiswahili sanifu huunda udogo kwa ki- na vi-. Kiswahili cha Likasi na Lubumbashi hupendelea ka- na tu-: katoto, tutoto. Mwalimu anaweza kusema kwamba mwili umejengwa kwa "tunyumba" tudogo sana. Picha hiyo ina historia ya heshima. Mwaka 1665 Robert Hooke alitazama kizibo cha gome la mti kwa hadubini, akaona vijumba vitupu vilivyopangana, akavipa jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Ila Hooke alikuwa anatazama kuta za seli zilizokufa. Wakazi walikuwa wamekwisha kutoka. Ilipita zaidi ya karne moja na nusu kabla Schleiden, mwaka 1838, na Schwann, mwaka 1839, hawajaeleza kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli. "Kanyumba" basi linafaa kama mfano wa kuanzia, lakini halifai kuwa istilahi, kwa kuwa linarudisha kosa la macho la mwaka 1665.

4. "Kiini" na yai

Neno linalohitaji uhakiki mkali kuliko yote ni "kiini". Vitabu hulitumia kwa sehemu ya seli inayotunza urithi na kuongoza kazi zake. Uteuzi huo unaonekana mzuri, maana kiini ni cha katikati na ndicho chenye maana. Bahati mbaya kila mtoto anakijua kiini kingine, ambacho ni ute wa njano wa yai la kuku.

Shule isiyo na hadubini haina seli nyingi za kuonyesha. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ina upana wa kiasi cha elfu saba au nane tu za milimita, na tena, ikishakomaa, haina kiini. Yai ndilo lionekanalo kwa macho matupu, na hapo ndipo istilahi inapomsaliti mwalimu. Mwanafunzi atahitimisha kwamba yai ni seli, ute mweupe ni uteute wake, na njano ni kiini. Kila hatua inafuata kwa lugha, na hitimisho lote ni kosa. Katika yai lisilorutubishwa, seli ni ile njano peke yake pamoja na utando wake. Sehemu kubwa ya njano hiyo ni akiba ya chakula, na kiini cha kibiolojia kimo katika kidoa kidogo cheupe kilicho juu yake. Ute mweupe na ganda huongezwa baadaye, yai likiwa njiani ndani ya kuku.

Haifuati kwamba neno "kiini" litupwe, kwani limekwisha kuenea. Inafuata kwamba kitabu kinachosema "kiini" bila kutaja yai kimeacha kazi nusu. Sentensi mbili zingetosha kutenga kiini cha seli na kiini cha yai.

Kwa upande mwingine "utando" linastahili sifa. Utando wa uji hufunika, na utando wa buibui hupitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine. Picha hizo mbili zikiunganishwa zinakaribia sana kazi ya utando wa seli.

5. Hitimisho

Uhakiki huu unaelekeza mahali pamoja. Istilahi sanifu zinaweza kupokewa Likasi kama zilivyo, "seli" ikitangulia "chembe". Kinachopungua ni maelezo yaliyoandikwa na mtu ayajuaye maneno ya mahali. Mifano nayo haikosekani. Katika vilima vya madini vya Katanga humea Haumaniastrum katangense, ua la shaba, ambalo wapelelezi wa madini walilifuata kama alama, na uoto wa udongo huo ulielezwa na Paul Duvigneaud mwaka 1958. Mmea unaostawi penye shaba inayoua mimea mingine huuliza swali halisi la biolojia: seli zake zinaistahimili sumu hiyo kwa njia gani? Mtoto wa Likasi anaweza kuliuliza swali hilo kwa Kiswahili, mradi neno "seli" limemfikia likiwa na kitu ndani.