Kiapo cha Razieh: Tabaka la Kati na Uongozi katika Filamu ya Farhadi

Istilahi ya demokrasia ya kidini ilivuma nchini Iran wakati wa urais wa Mohammad Khatami (1997–2005). Iliahidi jambo zito: raia atapiga kura, na sheria ya Mungu itabaki juu ya kura hiyo. Kwa vitendo, Baraza la Walinzi la watu 12, sita kati yao wakiwa mafakihi walioteuliwa na Kiongozi Mkuu, ndilo lililoamua nani agombee. Tabaka la kati la Tehran, lililomuunga mkono Khatami na kumiminika barabarani mwaka 2009, limezoeleka kusawiriwa kama mrithi wa uongozi aliyedhulumiwa. Filamu ya Asghar Farhadi, Jodaeiye Nader az Simin (2011), yaani Kutengana kwa Nader na Simin, ni rahisi kuisoma kwa mkabala huo. Usomaji huo hautoshi.

Ni kweli kwamba onyesho la kwanza linauchochea. Simin anamwambia hakimu kuwa hataki bintiye akulie katika hali iliyopo. Hakimu, ambaye hatumwoni, anamuuliza ni hali gani. Simin ananyamaza. Kamera imewekwa mahali pa hakimu, hivyo mtazamaji, apende asipende, amekalia kiti cha dola.

Hata hivyo, tuufuate msuko. Nader, mfanyakazi wa benki, anamsukuma mtumishi wake Razieh nje ya mlango; mimba inaharibika; naye anakana kwamba alijua Razieh ni mjamzito. Alijua. Termeh, binti yake wa miaka 11, analazimika kusema uongo mbele ya hakimu ili amwokoe. Hapa Farhadi ni mkali kuliko wengi wanaomsifu: tabaka linalodai ukweli kwa watawala linamrithisha mtoto uongo.

Mamlaka ya kimaadili yamo kwa Razieh, fukara anayepiga simu kuuliza kama ni dhambi kumwosha mzee aliyejikojolea. Mumewe Hodjat anaandamwa na wadai, na fedha za dia ziko tayari. Lakini Razieh aligongwa na gari kabla ya kusukumwa, hana yakini, na hathubutu kuapa. Amewauliza wanazuoni, naam. Hofu, hata hivyo, ni yake mwenyewe, wala haikuteuliwa na Baraza lolote. Na anayemtaka aishike Kurani aape si hakimu wala shehe. Ni Nader.