Ngoma Katika Ukungu wa Shume

Huko Shume, katika nyanda za juu za Usambara wilayani Lushoto, ukungu ndio adui wa kwanza wa mpiga ngoma, kwa kuwa ngozi iliyonyonya unyevu hulegea na kutoa mlio mzito usiofika mbali. Kwa hiyo kabla ya mdumange, ngoma ya Wasambaa, kuanza, ngoma huoteshwa moto wa majani makavu (yakipatikana), ikigeuzwageuzwa huku mpigaji akiigonga kwa ncha za vidole hadi ikaze. Joto likizidi, ngozi hupasuka, na hasara ni ya mpigaji. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, husajili wasanii, lakini adabu ya kupiga hadharani hurithiwa kwa kutazama: njia ya wabebaji wa kabichi haizibwi, adhana ikisikika ngoma hunyamaza, na tuzo, yaani fedha ambayo mtazamaji humbandika mchezaji kwenye paji la uso, haikatizi mdundo. Ikianguka, huokotwa baadaye. Wengi hutazama, hucheka, kisha huondoka bila kutoa chochote, na kwao pia hupigwa kwa nguvu ileile.