Kinanda cha Oberndorf na Wapigaji Wake: Uhakiki wa Hekaya ya Panya

Historia ya kinanda cha kanisa la Mtakatifu Nikolaus, katika kijiji cha Oberndorf nchini Austria, husimuliwa zaidi kupitia kisa kimoja. Inadaiwa kuwa katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818 kinanda kilikuwa kimetafunwa na panya, ndipo wimbo "Stille Nacht", unaofahamika kwa Kiswahili kama "Usiku Mtakatifu", ukaimbwa kwa gitaa.

Ushahidi mkuu ni maelezo aliyoyaandika Franz Xaver Gruber mwenyewe tarehe 30 Desemba 1854, baada ya kuulizwa kutoka Berlin kuhusu asili ya wimbo huo. Gruber, aliyekuwa mwalimu wa shule ya Arnsdorf na mpiga kinanda wa Oberndorf, anaeleza kuwa padri msaidizi Joseph Mohr alimkabidhi shairi, akamwomba alitungie muziki wa sauti mbili, kwaya na gitaa. Hataji panya wala kinanda kibovu. Ukimya huo hauthibitishi kuwa kinanda kilikuwa kizima. Kwani mwaka 1825 fundi Karl Mauracher alijenga kingine kipya. Hata hivyo, kuchakaa ni jambo moja na kutafunwa na panya ni jambo jingine.

Udhaifu mkubwa wa hekaya hii ni kwamba inawafifisha wahusika. Gitaa linafanywa kiraka cha dharura, ilhali Mohr alikuwa mpigaji wa chombo hicho. Gruber naye anaonekana kuokolewa na bahati, ilhali alikitumikia kinanda hicho kwa miaka mingi huku akifundisha, na baadaye akawa mpiga kinanda wa Hallein. Mauracher husahaulika kabisa, ingawa ndiye anayeaminika kuupeleka wimbo huo Tirol. Kwa mantiki hiyo, mchango wa kinanda katika kuenea kwa wimbo haukutokana na kunyamaza kwake usiku mmoja, bali na kuhitaji fundi.

Kanisa lenyewe lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 kufuatia madhara ya mafuriko ya mto Salzach, na mahali pake pakajengwa kikanisa cha kumbukumbu. Kwa kuwa chombo hakipo tena kuchunguzwa, maandishi ya mpigaji wake yanastahili uzito zaidi kuliko masimulizi yaliyozuka baada yake.