Mlango Ufungukao Nje

Desturi ya wahakiki ni kupima vitabu kwa uzuri wa lugha, mvuto wa hadithi na uzito wa mafunzo. Kitabu ninachotaka kukihakiki hapa hakina hadithi, wala mashairi, wala shujaa. Hakiwekwi dukani kando ya riwaya, na sijapata kumwona mwanafunzi amekaa nacho chini ya mwembe saa ya mapumziko. Hata hivyo, katika nchi yetu ni vichache vitabu ambavyo kusomwa au kutosomwa kwao kumekuwa jambo la uhai na mauti kama hiki. Nakusudia kitabu cha kanuni za usalama wa shule, ambacho Wizara ya Elimu ya Kenya ilikitoa mwaka 2008.

Yamkini msomaji atauliza: kitabu cha kanuni kitahakikiwaje? Jawabu ni kwamba kila andiko lina mwandishi, lina msomaji, na lina jambo linalotaka litendeke. Kazi ya mhakiki ni kutazama kama jambo hilo limesemwa vizuri, limesemwa kwa nani, na kama limetendeka au halikutendeka. Barua hupimwa hivyo, na hotuba hupimwa hivyo. Kwa nini kanuni zisipimwe?

Tuanze na misiba iliyokitangulia. Mwezi wa Machi mwaka 1998 moto uliteketeza bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, huko Pwani, wakafa wasichana 26. Miaka mitatu baadaye, mwezi huo huo wa Machi, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos liliungua usiku, wakafa wavulana 67. Misiba hii miwili ilifanana kwa jambo moja. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango ambao ungaliwaokoa wengi ulikuwa umefungwa. Moto ulikuwa mwuaji, na kufuli ilikuwa mshirika wake. Mtu asomaye kanuni za mwaka 2008 bila ya kukumbuka usiku hizo ataziona kavu na za kuchosha. Azikumbukaye ataona kwamba kila kipimo kilichomo kina sababu yake.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni uwazi wa vipimo. Hakisemi tu kwamba mlango wa bweni uwe mpana. Husema upana wake usipungue futi 5, na ufunguke kwa nje. Hakisemi tu kwamba vitanda visibanane. Husema kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2, na ujia wa kupitia usipungue mita 2. Kila bweni liwe na mlango huku na mlango kule, na mlango wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma, nayo yafunguke kwa wepesi. Vifaa vya kuzimia moto viwekwe penye kila mlango wa kutokea, na wanafunzi wahesabiwe kila siku kabla ya kulala.

Hii ni sifa kubwa. Maneno kama “usalama” na “ustawi” ni mapana, na kila mtu hujifunika nayo apendavyo. Mwalimu mkuu aweza kusimama mbele ya wazazi akasema kwamba shule yake ni salama, wakapiga makofi wakaenda zao. Lakini futi 5 ni futi 5. Mtoto wa kidato cha kwanza mwenye kamba na rula aweza kujua kama zimetimia. Kanuni iliyoandikwa kwa kipimo humpa mnyonge uwezo wa kumwuliza mwenye nguvu swali lisilokwepeka.

Sifa ya pili ni upana wa mawazo. Kitabu hakikukoma kwenye moto. Kinatia ndani viwanja vya shule, majengo, usafi wa maji na vyoo, chakula, usafiri, dawa za kulevya, watoto wenye ulemavu, na ulinzi wa mtoto asidhulumiwe. Waandishi wake walifahamu kwamba mwanafunzi ni mtu mzima wa mwili na moyo, si kichwa peke yake kilicholetwa darasani kutiwa maarifa.

Sasa nizitaje kasoro, na kasoro ya kwanza nitaieleza kwa kisa changu mwenyewe.

Mwaka 2008, kitabu hiki kilipochapwa, nilikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni ambayo sitaitaja jina. Bweni letu lilikuwa na vyuma madirishani, vinene kama kidole gumba. Kila usiku saa nne mlinzi alitia kufuli mlangoni kwa nje, akaenda na ufunguo langoni, mwendo wa viwanja viwili vya mpira. Usiku mmoja waya wa taa ulianza kutoa moshi juu ya vitanda vyetu. Tulipiga mlango, tukapiga mabati, tukaita. Mwenzetu mmoja mwenye akili alizima swichi kwa mpini wa ufagio, na moshi ukapungua wenyewe. Mlinzi alipofika na ufunguo wake, sote tulikuwa tumejibana kwenye mlango ule mmoja, wadogo mbele na wakubwa nyuma, na wale wadogo hawakuwa wakipumua vema. Hakuna aliyedhurika. Asubuhi tulicheka. Usiku uliofuata, saa nne, kufuli ilitiwa tena, na hakuna aliyeuliza neno. Hata mimi sikuuliza.

Kitabu kilichokataza kufuli ile kilikuwako duniani. Mimi nilikiona mara ya kwanza katika chuo cha ualimu, miaka kadhaa baadaye, rafuni. Nilipofika penye maneno yasemayo kwamba mlango wa bweni usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wamo ndani, nilikifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu.

Kasoro ya kwanza, basi, ni kwamba kitabu hiki kilimchagua msomaji mmoja kikamwacha mwingine. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasimamizi wa shule. Mwanafunzi yumo ndani yake kila mahali, lakini yumo kama mtu anayesemwa, si kama mtu anayesemeshwa. Naye ndiye alalaye ndani ya mlango ule. Mwalimu mkuu hulala kwake, mkaguzi hulala mjini, na mwandishi wa kanuni hulala mbali zaidi. Kitabu ambacho hakikumfikia yule ambaye maisha yake yamo katika kurasa zake kimepungukiwa, hata kikiwa na hekima ya namna gani.

Kasoro ya pili ni ya sarufi, na wanafunzi wa lugha wataifahamu upesi. Sentensi za kanuni hupenda kauli ya kutendwa: mlango usifungwe, vyuma viondolewe, wanafunzi wahesabiwe. Ni nani basi atakayeviondoa vyuma? Lini? Kwa fedha ya nani? Kauli ya kutendwa ina adabu, lakini pia ni pango zuri la kujifichia. Mwalimu mkuu hudhani ni kazi ya bodi. Bodi hungoja Wizara. Wizara hutuma waraka. Kazi ya wote haina mwenyewe, na kitendo kisicho na mtendaji hubaki katika karatasi.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa kwangu. Kitabu huamuru zaidi kuliko kinavyoeleza, na kwa hiyo hakikujibu hofu iliyotia vyuma madirishani. Tusiwadhulumu wakuu wa shule. Hakuna hata mmoja aliyetia vyuma ili watoto waungue. Walitia kwa sababu wezi waliingia wakachukua magodoro na masanduku, kwa sababu wavulana waliruka madirisha usiku kwenda vilabuni, kwa sababu mzazi wa msichana alikuja akauliza, “Mwalimu, mwanangu analindwaje usiku?” Chuma na kufuli vilikuwa jawabu la haraka na la bei ndogo. Mtu mwenye hofu hauachi ulinzi wake kwa kuwa ameamriwa. Huuacha akionyeshwa ulinzi ulio bora.

Tazama ugumu uliopo. Kitabu husema mlango wa bweni ufungwe wakati wote wanafunzi wako darasani au uwanjani, na ufunguo ukae kwa msimamizi wa bweni. Hiyo ni haki, maana mwizi huja mchana pia. Halafu kitabu husema mlango usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Hiyo nayo ni haki. Lakini kufuli ni ile ile, mkono ni ule ule, na desturi ya mchana huingia usiku bila ya kubisha hodi. Hapa ndipo kitabu kilipaswa kutua na kufundisha. Kingesema: tieni komeo kwa ndani, ambalo mwizi aliye nje halifikii na mtoto aliye ndani hulifungua hata gizani. Kingesema: mtoro hazuiliwi kwa chuma bali kwa kuhesabiwa na kwa mlinzi asiyelala. Tena kingesema neno moja ambalo kila mzazi angelielewa: aliyetoroka huweza kurudi, aliyeungua harudi.

Hata kanuni ya mlango ufungukao nje ingalifaa kuelezwa. Sababu yake ni rahisi. Watu waliotishika hukimbilia mlango kwa pamoja. Ukiwa hufunguka ndani, walio nyuma huwasukuma walio mbele, na walio mbele huufunga mlango kwa miili yao wenyewe. Ukiwa hufunguka nje, nguvu ile ile ya woga huufungua. Mwanafunzi akilifahamu hilo mara moja hatalisahau, naye atautazama kila mlango wa maisha yake kwa jicho jingine.

Lakini haki ya uhakiki ni kutenganisha kosa la kitabu na kosa la aliyeandikiwa. Mwezi wa Septemba mwaka 2017 wasichana 10 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya wasichana ya Moi, Nairobi. Kitabu kilikuwa na umri wa miaka 9. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 wavulana wadogo 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha huko Nyeri. Kitabu kilikuwa na umri wa miaka 16. Kitabu hakina mikono ya kuondoa vyuma wala miguu ya kuzunguka mabwenini usiku. Dawa iliyo chupani haimponyi mgonjwa, na si dawa ya kulaumiwa kwa hilo.

Liko jambo moja lililo nje ya uwezo wa kipimo chochote. Moto wa Kyanguli haukuwa ajali ya waya. Ilisemwa kwamba petroli ilimwagwa, na wanafunzi wawili walishtakiwa. Twaweza kupanua milango mpaka futi 10, lakini kama ndani ya bweni mna kijana mwenye kinyongo asiye na mtu wa kumwambia, hatari imo ndani pamoja nasi. Kamba ya kupimia haifiki moyoni. Kinachofika huko ni sikio: mwalimu anayesikiliza bila ya kukimbilia adhabu, na baraza la wanafunzi ambalo maneno yake hujibiwa. Hapana dhuluma wala njaa wala karo inayomhalalishia mtu kuwachoma wenzake. Hilo lisitiliwe shaka. Lakini shule isiyosikia manung'uniko hungoja kusikia vilio. Na mwanafunzi ajuaye shauri baya akanyamaza kwa kuogopa kuitwa msaliti, ukimya wake ni kufuli ya pili juu ya mlango. Nasema hivyo si kwa kujitukuza, maana nimekwisha kuwaambia kwamba mimi nami niliwahi kunyamaza.

Hukumu yangu juu ya kitabu hiki ni kwamba ni kizuri, ni cha kweli, na kimekosa wasomaji kiliowastahili. Kingetafsiriwa kwa Kiswahili chepesi, sehemu ya mabweni ikabandikwa penye kila mlango wa bweni, kingefanya katika muhula mmoja kazi ambayo hakikuifanya rafuni kwa miaka mingi.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu zoezi la hesabu. Nilisema chukueni kamba, pimeni mabweni yenu, andikeni. Walileta karatasi safi. Kati ya kitanda na kitanda walikuta shubiri tatu, pale palipotakiwa shubiri tano na zaidi. Mlango wa katikati ulikuwako, lakini mbele yake palikuwa na makabati. Tuliipeleka karatasi kwa mwalimu mkuu, kwa heshima na kwa mkono wa kiranja. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza ni nani aliyewatuma watoto kupima. Nikajibu kwamba ni mimi, na kwamba vipimo si vyangu, ni vya Wizara.

Makabati yaliondolewa wiki ile ile. Vyuma vya madirisha sita viliondolewa muhula uliofuata. Madirisha yaliyobaki ni manne, na karatasi nyingine imekwisha andikwa.