Kiingereza cha Kuombea Maji

Mwaka 1977 maktaba ya umma ya Queens, jijini New York, ilianzisha mpango wa kuwahudumia wahamiaji wapya, na mpaka leo mtu mzima anaweza kujifunza Kiingereza humo bila kulipa hata senti. Mwaka huohuo televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha Mind Your Language, vichekesho vya darasa la jioni la wageni London. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliijua hiyo ya pili. Tulicheka mpaka machozi, tukasahau kwamba Ali na Ranjeet walikuwa ni sisi wenyewe tukishuka uwanja wa ndege.

Fasihi ya darasa la Kiingereza ina ugonjwa mmoja: huandikwa kwa lugha ileile ambayo mhusika hajaijua. Kwa hiyo msomaji anamkuta mtu mzima, pengine fundi stadi au mama aliyelea watoto sita, anaongea kama mtoto. Mwandishi hana haja hata ya kumtukana. Sarufi inamfanyia kazi hiyo. Ukitoka kwenye darasa la maktaba ukaenda kwenye rafu za riwaya, huenda ukakutana na kitabu kinachowacheka watu uliowaacha mezani.

Kinachonisumbua zaidi, kwa sababu ni kizuri, ni The Education of H*Y*M*A*N K*A*P*L*A*N cha Leo Rosten (1937). Rosten, mzaliwa wa Łódź, Poland, aliwahi kuwafundisha watu wazima Kiingereza usiku kule Chicago, na hadithi hizi zilitoka kwanza katika The New Yorker kwa jina la bandia, Leonard Q. Ross. Kaplan ni Myahudi mhamiaji, yuko darasa la wanaoanza, na huandika jina lake kwa rangi akitia nyota kati ya herufi. Mwalimu wake, Bwana Parkhill, ni mstaarabu mpaka anatia huruma.

Mimi nina kipimo changu cha kienyeji: msimulie mtu kichekesho hicho kwa Kiswahili uone. Kurasa nzima za Rosten zinaanguka hapohapo, maana zinacheza na matamshi tu. Kaplan hawezi kutamka hiki, anaharibu kile, basi. Lakini mwulize Kaplan kinyume cha neno “mpya”. Anakujibu: mtumba. Ah! Hicho kimevuka salama. Kaseme hivyo Gikomba au Karume, hakuna atakayekuona mjinga. Kaplan hapo hajakosea, ametaja maisha anayoyajua, na anayepaswa kukuna kichwa ni mwalimu. Kila Rosten anapomwachia Kaplan afikiri, kitabu kinapaa. Kila anapomwachia aharibu herufi tu, kinachosha. Ukiipima Mind Your Language hivyohivyo, hubaki na kitu zaidi ya vilemba na lafudhi.

Sanaz Toossi ameupatia ugonjwa huu dawa ambayo ukiiona unashangaa haikufikiriwa zamani. Tamthilia yake English, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2023, imewekwa katika darasa la Kiingereza huko Karaj, Iran, mwaka 2008. Wahusika wakisema Kiajemi chao, tunawasikia kwa Kiingereza kinachotiririka, chenye utani na matusi yake. Wakisema Kiingereza, ulimi unakuwa mzito ghafla. Yaani mtazamaji anamsikia mtu kamili, kisha anamwona akipunguzwa mbele ya macho yake. Yumo Roya, bibi anayejifunza ili aweze kuongea na mjukuu aliyeko Kanada. Ukimsikia kwa lugha yake kwanza, huna hamu ya kumcheka akikwama.

Gurnah alipita njia nyingine kabisa katika By the Sea (2001). Saleh Omar, mzee kutoka Zanzibar, anatua Gatwick akijifanya hajui Kiingereza, kama alivyoshauriwa. Anakijua, tena cha kusomea vitabu. Ofisa wa uhamiaji anamsemesha, anamhubiria, anamchukulia kasha lake la udi, na muda wote sisi tunasikia mawazo ya mzee yakiwa yamenyooka. Humo ndani anayebabaika si yule aliyenyamaza. Nikilazimishwa kuchagua kitabu kimoja cha kumpa mwalimu wa kujitolea wa maktaba, nitampa hiki, ingawa hakina darasa.

Wakongomani wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi wanaongea Kiswahili, na darasa lao bado sijalikuta katika riwaya ya Kiswahili. Atakayeiandika atakutana na shida ya kinyume. Mama wa Bukavu anamweleza mwalimu habari za mumewe, na kwa sababu lugha yake haibagui, anamtaja kwa kiwakilishi cha mwanamke. Darasa linaangua kicheko. Sasa iandike kwa Kiswahili: “Yeye amekwenda kazini.” Kosa liko wapi? Hulioni hata kwa tochi. Mwandishi hana tena kosa la kuonyesha. Ana nyuso za wanaocheka tu, na mama anayegeuka huku na huku akijiuliza amesema nini kibaya juu ya mume wake.